Mwalimu Breki Ajifunza Hadi Bopu

Jina alilopewa na wazazi wake hata mkewe halitumii. Mtaa mzima unamwita Breki, na wenye adabu zao wanamwita Mwalimu Breki, kwa sababu hilo ndilo neno analolipigia kelele kutwa nzima. Anafundisha watu udereva. Gari lake ni dogo, jeupe, na limebeba kibao chekundu juu ya paa cha kuwaonya wengine wakae mbali. Mbele ya kiti cha abiria, anakokaa yeye, imefungwa breki ya pili ya mguu, na kwa wanafunzi anaowapata, breki hiyo haijui likizo. Ndiyo maana mguu wake wa kulia umejaa misuli na wa kushoto umebaki kumsindikiza tu.

Jumapili mchana anapiga gitaa. Bendi yetu ni ya dansi, na ukumbi wetu uko nyuma ya kituo cha mafuta: sakafu ya saruji iliyong'arishwa na viatu vya wachezaji, feni mbili zinazofanya kazi kwa zamu, jukwaa la mbao alilolijenga kiongozi wetu kwa mikono yake. Huyo tunamwita Seremala, na ndiyo kazi yake. Tukipanda jukwaani anaimba. Saksafoni anapuliza Kinyozi, mwenye saluni pale njia panda, ambaye pia ni kaka wa mke wa Breki. Mimi napiga besi. Nasimama ubavuni mwa Breki, kwa hiyo ninayoyasimulia mengine nimeyaona, mengine kanisimulia mwenyewe, na yaliyobaki nimeyapata kwa mkewe, ambaye hafichi kitu.

Sasa, Breki alikuwa na solo yake. Nasema solo, si masolo, maana ilikuwa moja. Ilianza chini, ikapanda polepole, ikapumzika kidogo, ikateremka kwa madaha na kumalizia kwa kuuvuta uzi mmoja mpaka ukalia kama paka. Ilikuwa tamu, hakuna ubishi. Wimbo ukiwa wa haraka aliipiga haraka, ukiwa wa taratibu aliipiga taratibu. Miaka nenda, miaka rudi, watu wakaizoea kama wanavyozoea sauti ya lango la nyumbani.

Jumapili moja, meza ya mbele walikaa wauguzi waliokuja kumuaga mwenzao anayehama. Walikuwa wamechangamka. Tukafika katikati ya wimbo, Seremala akageuka, akanyoosha mkono kama kawaida yake: "Breki, sema nao!"

Kabla Breki hajagusa uzi, meza nzima ikaanza kuiimba solo yake. Waliiimba yote, mwanzo mpaka mwisho, na pale pa kupumzika wakapumzika, na pale pa paka wakalia kama paka. Ukumbi ukavunjika mbavu. Haikuwa kejeli, muuguzi mmoja hata alimtupia busu. Breki naye akacheka, akawa anawafuata kwa nyuma na gitaa, mwitikiaji wa solo yake mwenyewe. Ila mimi nilikuwa karibu. Nilimwona anapunguza sauti ya gitaa lake.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo alizungusha waya wake taratibu, akasema, "Besi, wale wameiimba vizuri kuliko ninavyoipiga."

"Wanakupenda, kaka."

"Najua. Lakini nimekuwa kama tangazo la sabuni. Mtu anakumalizia kabla hujafika mwisho."

Kinyozi alikuwa anafuta saksafoni yake, akasikia, akanyamaza. Yeye ni mtu wa kusikia na kunyamaza. Kazi ya saluni imemfunza. Lakini kesho yake, Breki alipokwenda kunyolewa, alikuta kwenye kile kispika kilichoning'inizwa juu ya kioo linasikika gitaa ambalo hajawahi kulisikia. Lilikuwa linapigwa na mtu mmoja wa ng'ambo, marehemu wa siku nyingi. Noti zilikuwa zinatoka mbio, safi, kila moja imekamilika, na katikati ya mbio zile yule mtu alikuwa anapata nafasi ya kuvuta pumzi kama mpuliza tarumbeta. Breki akageuza kichwa kukitazama kispika, na mpaka leo ana kovu dogo nyuma ya sikio.

"Tulia, shemeji, nina wembe," alisema Kinyozi.

"Huyu anafanya nini?"

"Hii inaitwa hadi bopu. Ni jazi ya watu wenye haraka ambao hawajasahau nyimbo za kanisani."

"Inapigwaje?"

"Kama unavyojifunza kuongea. Unamsikiliza mkubwa, unaiga sentensi zake moja moja." Akapuliza nywele kwenye mashine. "Vifungu, shemeji. Unachukua kifungu kimoja kutoka kwenye solo yake, unakitafuna mpaka kilainike. Halafu kingine."

Akamrushia nyimbo zile kwenye simu, pamoja na kile kidude cha kupunguza mwendo wa muziki, na Breki akaenda nyumbani kichwa kimemeremeta, furaha haimkai kifuani. Mama mkwe wake, ambaye anaishi nao na ambaye hakuna linalompita, alikuwa sebuleni anachagua mchele.

"Mbona unacheka peke yako?" akamuuliza.

"Nimepata kitu cha kujifunza, mama. Hadi bopu."

"Hadi wapi?"

"Bopu, mama."

Bibi akafikiri kidogo. "Ni mbali?"

"Mbali sana, mama."

"Basi kula kwanza."

Ilikuwa mbali kweli. Kwa mwendo wake wa kawaida, lile gitaa lilimpita Breki kama pikipiki. Akapunguza mwendo kwa nusu. Sasa noti alizisikia, lakini gitaa lililia kama ng'ombe mgonjwa, na mkewe, anayeshona sare za shule kwenye veranda, akasimamisha cherehani na kuuliza, "Huyo mnyama ana nini?" Breki akaweka vidole kwenye nyuzi, vidole vikakimbilia vilikozoea, kwenye ile solo ya paka. Kila alipoanza kifungu cha yule marehemu, alijikuta anamalizia cha kwake.

"Weka gitaa chini," Kinyozi alimshauri. "Vidole vyako vina tabia mbaya. Imba kwanza. Kifungu usichoweza kukiimba, hujakisikia bado."

Basi akaanza kuimba garini. Wanafunzi wake walikoma. Mtu ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anasikia pembeni yake: "Ba-du-da, di-du... kushoto hapo... ba-du-da... indiketa, mama, indiketa... di-du-DWII!" Fundi bomba mmoja alidhani hiyo dwii ya mwisho ni amri. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote katikati ya barabara ya sokoni. Mwalimu akagonga paji la uso kwenye dashibodi. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alimkemea mtu kwa kufunga breki.

Lakini vifungu vikaanza kuingia. Akavipa majina ili asivichanganye. Kimoja alikiita Kuegesha, kwa sababu noti ya mwisho haiendewi moja kwa moja. Yule mpigaji anapita juu yake kidogo, anarudi chini yake kidogo, anainusa, ndipo anaingia taratibu katikati, kama dereva mzuri anayeingiza gari kati ya magari mawili. Kingine kilikuwa Samahani Nimechelewa, kwa vile kinaanza baada ya watu wote kuanza, halafu kinakimbia kuwafikia. Cha tatu kilikuwa kinashuka noti kwa noti, kinasimama katikati kuangalia nani anatazama, kisha kinamalizia kwa haraka. Hicho alikiita Mama Mkwe Anashuka Ngazi. Jina hilo alituambia sisi wa bendi tu, tena baada ya kutuapisha.

Shida iliyobaki ilikuwa kwenye uzito, yaani noti ipi ikazwe na ipi ilegezwe. Breki alimpigia Kinyozi Kuegesha chote, noti hata moja haikukosekana, na Kinyozi akakunja uso.

"Noti ni zenyewe. Ila unazisoma kama mtoto anayesoma ubaoni. Piga mguu chini. Umeona? Mguu ukiwa chini, noti nyepesi. Mguu ukiinuka, hapo ndipo uweke uzito."

Breki akapiga mguu. Ule wa kulia, wenye misuli. Akafanya hivyo jioni baada ya jioni, kiti kimoja, veranda ile ile, mpaka cherehani ya mkewe ikaanza kufuata mwendo wake bila mwenyewe kutaka, na sare za shule za mwezi ule, anasema, zilishonwa kwa jazi. Hata mama mkwe akaambukizwa. Siku moja Breki aliingia jikoni kunywa maji akamkuta bibi anakoroga chungu huku anaimba kwa pua, taratibu, kila noti mahali pake. Alikuwa anaimba Mama Mkwe Anashuka Ngazi. Breki alitoka nje akashika ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kuna nini?" mkewe akauliza.

"Mama ana sikio zuri sana," akasema.

Basi ikafika Jumapili aliyojiona yuko tayari. Bahati mbaya wimbo ulikuwa wa taratibu, ule ambao mwanamume anambembeleza mkewe aliyeondoka, arudi nyumbani. Watu wazima wanaupenda. Ukipigwa, kila mtu anamkumbatia wake. Seremala akaimba kwa hisia, akafumba macho, akanyoosha mkono. "Breki, sema nao!"

Breki akasema nao. Akamwaga Kuegesha, juu yake Samahani Nimechelewa, akamteremsha Mama Mkwe ngazi zote, akampandisha tena, akarudia Kuegesha kwa mwendo wa kasi, na vingine ambavyo hata majina havikuwa navyo. Mimi kwenye besi nilimtafuta yuko wapi nisimpate. Waliokumbatiana wakaachiana, wakatazama miguu yao kama iliyowakosea. Mzee mmoja na mkewe wakarudi kukaa. Breki mwenyewe alikuwa amefumba macho, anatokwa jasho, ana raha zake. Alipoyafumbua, uwanja ulikuwa mtupu kiasi cha kuchezea mpira.

Wakati wa mapumziko Seremala alimfuata na chupa ya soda mkononi. "Kaka, yule jamaa kwenye wimbo anambembeleza mkewe arudi nyumbani. Kwa fujo zile, mwanamke gani atarudi?"

Breki akageuka kumtafuta Kinyozi, aliyemtia kwenye mambo haya. Kinyozi alikuwa anakagua saksafoni yake kana kwamba ameinunua leo.

Mkewe, aliyekuwapo ukumbini, alingoja mpaka walipokaribia nyumbani. Kisha akasema, "Vilikuwa vizuri vyote."

"Lakini?"

"Ulikuwa kama mtu aliyetoa nguo zote kabatini kutuonyesha. Hakuna hata moja uliyoivaa."

Hayo yalimuuma kuliko ya Seremala. Gitaa likaingia nyuma ya kabati. Garini kukawa kimya, na wanafunzi waliokuwa wakilalamika sasa wakawa wanamuuliza, "Mwalimu, leo huimbi?" Jumapili zilizofuata alirudia solo yake ya zamani, kwa shingo upande, na watu wakaifurahia, na furaha yao ikamkera.

Kati ya wanafunzi wake wakati huo alikuwapo mama mwenye duka la dawa, mwanamke mtaratibu, mwenye miwani ya mnyororo, aliyekwisha kuanguka mtihani wa udereva na kuapa hataanguka tena. Alikuwa mwanafunzi wa kujivunia. Kila kona aliikata vizuri, kila gia aliibadilisha kwa wakati wake. Breki alikuwa anakaa naye mguu umepumzika.

Asubuhi moja wakatoka kama kawaida. Wakaanza na gia ya kwanza, wakaweka ya pili, mwendo ukaongezeka. Injini ikaanza kulalamika. Mama wa dawa akatazama mbele, ametulia. Injini ikapiga yowe.

"Gia, mama," Breki akasema.

"Bado, Mwalimu."

"Bado nini? Gari linalia!"

"Bado hatujafika kwenye kibanda cha bluu."

Breki akageuka nyuma. "Kibanda tumeshakipita! Wamekipaka rangi ya njano!"

Mama wa dawa akasogeza gari pembeni, akalisimamisha, akavua miwani. Yakadhihirika yote hapo hapo. Gia ya tatu aliiweka kwenye kibanda cha bluu. Indiketa aliiwasha kwenye nguzo iliyoinama. Mwendo aliupunguza akiona nguo zimeanikwa kwenye ghorofa la pili, na siku wasipofua hakujua la kufanya.

"Kumbe mimi sijui kuendesha, Mwalimu," akasema kwa huzuni. "Naijua hii barabara tu."

Breki akacheka. Akacheka sana, mpaka yule mama naye akaanza kucheka. Halafu akawa anakitazama kile kibanda cha njano kwenye kioo.

"Mama," akasema, "geuza gari. Leo tunakwenda usikokujua."

Wakapita nyuma ya kiwanda cha mbao, wakapanda mlima wa hospitali, wakazunguka uwanja wa michezo kwa upande ambao hakuna anayeupitia. Alimkataza kutafuta alama. "Sikiliza injini. Yenyewe itakwambia inataka nini." Gari lilizimika mara nyingi, walipigiwa honi, na muuza matofali mmoja aliwatukana. Waliporudi dukani mama wa dawa alikuwa amechoka hoi, lakini kilima cha mwisho alikipanda mwenyewe bila kuambiwa neno.

Jioni ile Breki alilitoa gitaa nyuma ya kabati, akalifuta vumbi, akakipiga Kuegesha. Kikatoka safi. Kisha akajaribu kukianzia mahali pengine, uzi mwingine, ufunguo mwingine wa sauti. Kikamvunjikia mikononi. Akajaribu kukianza katikati. Hakujua katikati yake iko wapi.

Akanipigia simu. "Besi, mimi ni mama wa dawa."

Sikuelewa mpaka alipokuja kunieleza. Tangu hapo aliviacha vingine vyote akabaki na hicho kimoja. Alikipiga chini, akakipiga juu, akakipiga kwa kila ufunguo anaoutumia Seremala, hata ule anaoutumia akiwa na mafua. Akakikata mkia. Akakigeuza kichwa chini. Mimi nilikuwa nakwenda kwake na besi, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, namshikia mwendo wa nyimbo zetu wenyewe, naye anajaribu kukiingiza. Mara nyingi kilikataa. Siku tulipojaribu ule wimbo wa mwanamume anayebembeleza, alikipiga chote, akatikisa kichwa. Akapunguza noti. Akapunguza tena, mpaka zikabaki chache zinazoizunguka ile ya mwisho bila kuigusa.

"Unajua kwa nini yule marehemu anaizunguka?" akaniuliza. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Anataka uitamani kwanza."

Mama wa dawa alifaulu mtihani. Tulijua kwa sababu Jumapili iliyofuata alikuja ukumbini anaendesha mwenyewe, na mumewe pembeni ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Mama mkwe wa Breki alikuja pia, kiti cha nyuma, kwa kuwa aliwaambia hawezi kukosa burudani ya namna hiyo.

Seremala aliuchagua wimbo ule ule. Nadhani alifanya makusudi. Akaimba, akafika mahali pake, akamtazama Breki kwa muda kabla ya kunyoosha mkono, na safari hii hakusema kitu.

Breki naye hakupiga kitu. Mzunguko mzima ulipita mimi na mpiga ngoma tukiwa peke yetu. Nilitazama chini nikidhani waya umechomoka. Kisha akaingia, chini, kwa sauti ndogo. Akaizunguka ile noti. Akapita juu yake, akarudi chini yake, akaiacha ikae hewani, na aliposhuka juu yake hatimaye nilimsikia Seremala akisema "aah" bila kujua kwamba kipaza sauti kiko wazi. Kinyozi akajibu kwa saksafoni, neno moja tu, kutoka mbali. Breki akanyamaza kidogo, akapiga kitu kingine, kifupi, ambacho sikuwahi kukisikia kwake wala kwa yule marehemu. Wimbo ukaendelea. Hakuna aliyepiga makofi. Mikono yao ilikuwa mabegani na viunoni mwa wenzao, na yule mzee na mkewe walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, hawachezi hata, wamegandamana tu.

Breki na mkewe walirudi nyumbani jua bado liko juu. Mkewe aliketi kwenye kiti cha cherehani, akavua viatu.

"Ile ya baada ya kunyamaza," akamuuliza, "umeitoa kwa yule marehemu wako?"

"Hapana."

"Kwa kaka yangu?"

"Hapana. Imekuja tu."

"Ipige tena."

Akashika gitaa, akatafuta. Haikuja. Akaanza kwingine, haikuja. Akanipigia simu, nami nilikumbuka tu kwamba ilipanda. Akampigia Kinyozi, Kinyozi akamwimbia kitu kizuri sana, ila ilikuwa ni jibu la Kinyozi mwenyewe. Mama mkwe alikuwa ameshalala usingizi kwenye kochi, hakuna wa kumwamsha kwa ajili ya jazi.

"Hebu ngoja," mkewe akasema. "Ilikuwa hivi." Akaimba, mkono mmoja unasugua kisigino.

Haikuwa yenyewe. Ya kwake ilikatika mapema, ikapinda mahali ambapo Breki asingethubutu kupinda, ikaishia juu kama mtu anayeuliza swali mlangoni. Breki alikaa ameduwaa, vidole juu ya nyuzi.

"Nimekosea?" mkewe akauliza.

"Imba tena," Breki akasema, akasogeza kiti karibu. "Taratibu."